Nani Kamshika?

Picha ya kwanza niliinunua bila kujua kuwa ni picha. Ilikuwa mwezi wa Mei, kwenye gulio la vitu vya kale la Brimfield, jimbo la Massachusetts, ambako mara tatu kwa mwaka viwanja vya kandokando ya barabara hujaa mahema ya wauzaji. Nilikwenda kutafuta sanduku dogo la kuwekea herini. Mzee mmoja alikuwa amepanga mezani vikasha vya ngozi nyeusi, saizi ya Juzuu Amma tuliyosomea chuoni, kila kimoja kina kulabu mbili ndogo za shaba ubavuni. Nikafungua kimoja. Kushoto mahameli nyekundu iliyopauka, kulia kioo, na kwenye kioo nikajiona mwenyewe. Nikasema hiki ni kioo cha kujitazamia, cha mabibi wa zamani. Nikatoa dola 60 bila kubishana sana. Nilipotaka kukifunga nikakiinamisha kidogo, weusi wa buibui langu ukaingia mle ndani, na palepale sura yangu ikaondoka, akatokea mtoto.

Nilisema Bismillahi kwa sauti. Yule mzee alicheka kidogo, kwa wema, kama mtu aliyekwisha kuwaona wengi wakishtuka hivyo mbele ya meza yake.

Baadaye nikajua kwamba ile ni dagerotaipu, picha za kamera za mwanzo kabisa, na ndivyo inavyotakiwa kutazamwa. Ni bamba la shaba lililovikwa fedha, likasuguliwa mpaka likawa kioo hasa. Ukilielekeza kwenye kitu cheupe, picha inageuka, palipokuwa peupe panakuwa peusi. Ukilielekeza kwenye kitu cheusi, inatulia na kukaa sawa. Wenzangu wanaokusanya picha hizi hutembea na kitambaa cheusi mfukoni. Mimi nguo yangu ya kila siku inanitosha.

Yule mtoto alikuwa wa mwaka mmoja hivi. Amevaa gauni linaloacha mabega wazi, shingoni ana shanga za marijani, na mpiga picha amezigusa kwa rangi nyekundu, tone juu ya kila punje, kwa brashi ambayo sijui ilikuwa na unywele mmoja au miwili. Mashavu nayo yamepakwa waridi kidogo. Uso umetoka safi kiasi cha kuona kope. Ila mkono wake wa kulia umetikisika, umekuwa kama moshi wa ubani.

Usiku ule nilimpigia mama, yuko Tanga. Nilitundika buibui kwenye kiti, nikakiweka kikasha mkabala nalo, nikaisogeza simu taratibu mpaka picha ikakaa. Nilitaka aone zile marijani, maana sisi tulikua tukivalishwa hirizi na shanga nyeusi mkononi, na hawa nao, Wamarekani na Waingereza wa karne ya 19, waliwavalisha watoto wachanga marijani kwa nia hiyohiyo ya kuwakinga, na kuwasaidia meno yakianza kuota. Nikawa nazungumza mfululizo. Mama alikuwa kimya, anatazama. Halafu akauliza, "Nani kamshika?"

Sikuwa nimeona. Nikachukua lenzi ya mkono. Chini kushoto, palipo na ukingo wa fremu nyembamba ya shaba inayoizunguka picha, kulikuwa na vidole vinne vimezama kwenye gauni, kiunoni mwa mtoto. Kidole gumba hakikuonekana. Mtu mwenyewe hakuonekana kabisa.

Tangu siku hiyo ni miaka tisa sasa, na sinunui picha ya mtoto kabla sijamtafuta aliyemshika.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini lazima awepo aliyemshika, inabidi ajue kazi yenyewe ilivyokuwa. Louis Daguerre, Mfaransa, siri ya ufundi wake ilitangazwa hadharani Paris tarehe 19 Agosti 1839. Bamba lilisuguliwa, likafukizwa kwa iodini mpaka likapata rangi ya dhahabu, likaingizwa kwenye kamera, kisha likafukizwa tena kwa mvuke wa zebaki ya moto, ndipo picha ikajitokeza. Kufukiza huku hakuna tofauti kubwa na kufukiza nguo kwa udi, ila huu ulikuwa moshi wa sumu na mafundi waliuvuta kila siku. Mwanzoni bamba lilihitaji dakika nyingi mbele ya mwanga. Majengo yanasubiri, mtoto hasubiri. Ilibidi kwanza ije lenzi ya Joseph Petzval mwaka 1840, iliyoingiza mwanga mwingi zaidi, na watu wagundue kuongeza bromini juu ya iodini, ndipo muda ukashuka mpaka sekunde. Kwa hiyo picha za watoto za miaka ya mwanzo kabisa ni adimu mno, na zilizo nyingi sokoni ni za mwishoni mwa miaka ya 1840 na za miaka ya 1850.

Lakini hata sekunde kumi, jaribu kumtuliza mtoto wa mwaka mmoja kwa sekunde kumi. Mtu mzima aliwekewa nyuma ya kichwa kishikizo cha chuma. Mtoto alishikwa na mtu. Mama, mara nyingi, aliyekaa pembeni, au nyuma ya kiti akiwa amejifunika shuka au zulia aonekane kama samani. Ukishazoea kutazama utamwona kila mahali: goti lisilo la mtoto, mkunjo wa nguo uliokaa kama mtu, mkono unaotoka kwenye pazia.

Nilivyoanza nilikuwa nakwepa picha zilizotikisika. Bei yake huwa chini na wauzaji wenyewe huziombea radhi. Siku hizi ndizo nazitafuta. Mkono uliogeuka moshi ni sekunde kumi za mtoto aliyekuwa hai, aliyetaka kuufikia uso wa mtu, au kitu kilichokuwa kinachezeshwa karibu na kamera. Bamba limeyaandika yote.

Kosa langu kubwa nililifanya mwaka wa pili. Nilipata bamba bila kikasha, bila kioo, msichana wa miaka mitano hivi, nywele zimegawanywa katikati. Ushanga wake, kitabu mapajani, vyote vizuri. Kulikuwa na vumbi juu ya shavu. Nikachukua kile kitambaa laini cha kufutia miwani, nikapitisha mara moja, kwa wepesi kabisa. Shavu likaenda na vumbi. Palibaki mstari unaong'aa kutoka sikioni hadi mdomoni, fedha tupu.

Nilikaa chini. Yule mtoto alikuwa amevuka miaka 170, ameviziwa na moto na mafuriko na watu waliokuwa wakitupa vitu vya marehemu, akaja kufutwa na mtu aliyempenda. Picha ile si wino juu ya karatasi. Ni chembe ndogo sana za fedha na zebaki zilizokaa juu ya bamba. Mwaka 1840 Mfaransa mwingine, Hippolyte Fizeau, aligundua namna ya kuzipa nguvu kwa mchanganyiko wa dhahabu, lakini hata hivyo kidole kinaziondoa, na kitambaa vilevile. Hakuna fundi anayeweza kuzirudisha. Yule msichana ninaye bado, kwenye boksi lake, na mtu akianza kukusanya akanijia kuuliza, ndiye ninayemwonyesha kwanza.

Kwa hiyo usiguse, na usisafishe. Ule weusi wa samawati na dhahabu unaoanzia kwenye ukingo wa fremu na kuingia ndani taratibu ni fedha inayochakaa, kama bangili za bibi zilizokaa sandukuni, na mtu wa Pwani mkono unamwasha aichukue kwa sonara ikang'arishwe. Achana nayo. Miaka ya nyuma walikuwepo mafundi waliozitia mabamba kwenye dawa inayoitwa thiourea, zikatoka zinameta, na baadaye zikaota madoa mabaya kuliko yale ya mwanzo. Kinachohitaji kushughulikiwa mapema ni kioo cha juu kikianza kutoa vitone kama jasho kwa ndani, maana vitone hivyo vikidondoka juu ya bamba vinaiharibu picha. Hapo mpelekee fundi wa kuhifadhi picha za kale, abadilishe kioo na kufunga kingo upya.

Kuzitambua si kazi. Ikiwa ni kioo na picha inageukageuka, ni dagerotaipu. Sumaku ikinasa, ni tintaipu, ile ya bamba la chuma iliyokuja mwaka 1856. Ikiwa haigeuki na haishiki sumaku, huenda ni ambrotaipu, iliyopigwa juu ya kioo. Vikasha vyao vinafanana, na wauzaji wengi huchanganya, wengine kwa kutojua.

Jambo linaloniumiza zaidi katika biashara hii ni maiti. Ni kweli, watoto walikuwa wanakufa sana nyakati zile. Wanahistoria wanakadiria kwamba katika Marekani ya mwaka 1850, katika kila watoto watano waliozaliwa, mmoja hivi hakuumaliza mwaka wa kwanza. Wazazi ambao hawakuwahi kumpiga picha mtoto wao walimwita mpiga picha akiwa ameshafariki, wakamlaza kama aliyesinzia. Picha hizo zipo na ni za heshima. Lakini kwa kuwa siku hizi zina bei, kila mtoto aliyefumba macho anauzwa kuwa amekufa, na hata walioyafumbua. Nimeona picha ya mvulana aliyesimama wima, nyuma ya viatu vyake inaonekana miguu ya kile kishikizo cha chuma, muuzaji akaandika kwamba ni maiti iliyosimamishwa. Kishikizo kile kilikuwa cha kumsaidia aliye hai asitikise kichwa, hakina nguvu ya kubeba maiti. Wengine wanasema tazama macho yalivyo meupe. Bamba la enzi zile lilinasa sana rangi ya bluu na karibu halikuona nyekundu, kwa hiyo macho ya bluu yanatoka meupe, na gauni la bluu vilevile, na marijani isiyopakwa rangi inatoka nyeusi ti.

Nafanya kazi ya kuwahudumia wazee, na nyumbani nimesaidia kuosha maiti. Najua mkono uliokwisha kuachia unavyolala. Mwaka juzi nilionyeshwa mtoto kalala kwenye mto, bei mara tatu ya kawaida, muuzaji ananiapia kuwa ni marehemu. Nikainamisha bamba mbele ya buibui, nikachukua lenzi. Ncha ya mguu ilikuwa imetikisika chini ya gauni. Nilimwambia muuzaji, kwa upole, huyu kalala tu. Hakufurahi, na sikuweza kuinunua kwa bei ile. Lakini nilitoka pale nimefarijika siku nzima.

Moja ya kweli ninayo. Siionyeshi kwa wageni. Mama yangu alimzika mdogo wangu akiwa na miezi kumi na moja, na hatuna picha yake hata moja. Kuna kofia tu, imekunjwa ndani ya kanga, kwenye kabati Tanga. Siku nilipomwonyesha mama picha hiyo hakuuliza nani kamshika. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Wamemvisha vizuri."

Watu huniuliza, wewe Mswahili watoto wa Kizungu wa mwaka 1850 wanakuhusu nini? Nimelifikiria sana swali hilo. Dagerotaipu zilifika kwetu mapema: nahodha Mfaransa Charles Guillain alipozunguka pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, picha za namna hii zilipigwa, na michoro iliyotokana nazo ikachapishwa Paris. Lakini hizo si zangu kununua, na haikuwa desturi ya watu wetu kukaa studio na mtoto mapajani kwa pesa yao. Kiungo ninachokihisi mimi kiko kwenye nguo. Nilipohamia Massachusetts sikujua kwamba ile merikani ya bibi zetu, kitambaa cheupe kizito tulichokitaja bila kukifikiria, ilifumwa katika viwanda vya huku New England, ikapakiwa kwenye merikebu za bandari ya Salem, ikashushwa Unguja miaka hiyohiyo. Pamba yake ililimwa na watumwa katika majimbo ya Kusini mwa Marekani. Ninapomtazama mtoto wa mwaka 1850 aliyevaa gauni la pamba, namwona amezungukwa na mikono mingi ambayo fremu imeikata.

Na hapo ndipo nifike kwenye picha moja ya Virginia, mojawapo ya majimbo hayo ya Kusini.

Ilikuja kwenye mnada mdogo, ndani ya fungu la vikasha vitano, dalali akaita kwa haraka haraka. Maelezo yalisema tu mtoto wa kiume, gauni la mistari, kioo kichafu. Nywele zake zimegawanywa upande, na hiyo ndiyo dalili tunayotumia, maana wavulana wadogo nao walivaa magauni mpaka miaka minne, mitano. Nyuma ya bamba, kwenye karatasi iliyobandikwa, jina la mtoto, mji mmoja wa Virginia, na mwaka 1853. Kwenye ukingo wa fremu, chini ya kwapa la mtoto, mkono. Mkono ulikuwa mweusi.

Sikuwa na uhakika. Nimeshasema bamba haliioni nyekundu, basi hata mikono ya mama wa Kizungu iliyobabuka kwa kufua inaweza kutoka na giza. Picha za yaya mweusi aliyempakata mtoto mweupe zipo, zimo kwenye makumbusho, na zikionekana mnadani bei yake mimi siiwezi. Hii iliuzwa rahisi kwa sababu hakuna aliyeutazama mkono.

Kioo kilikuwa kinatoa jasho, kwa hiyo nikaipeleka kwa fundi. Aliniruhusu nikae mezani naye. Alivaa glavu, akalitoa bamba kwenye kikasha kwa kipande chembamba cha plastiki, akakata ile karatasi ya zamani iliyofunga kingo, akanyanyua kioo, halafu fremu ya shaba. Chini ya fremu bamba lilikuwa safi kama siku lilipotoka kwenye zebaki, maana hewa haikulifikia. Duara la katikati lilikuwa limechakaa, na pembeni mwake, pale palipofunikwa tangu 1853, kulikuwa na mtu.

Mwanamke. Kilemba cheupe. Uso umekatwa na ukingo wa bamba, amebaki upande mmoja: shavu, nusu ya mdomo, jicho moja. Jicho halitazami kamera, linamtazama mtoto. Mtoto ametikisika kichwa na mikono yote miwili. Mwanamke yule hakutikisika hata unyuzi wa kilemba. Kwa mahali pale na mwaka ule, karibu sina shaka alikuwa mtumwa. Kwenye karatasi ya nyuma jina lake hakuna.

Fundi hakusema neno kwa muda. Kisha akaniuliza kama airudishe fremu. Ni swali la kitaalamu, fremu ni ya asili, ni sehemu ya kitu chenyewe, na ukiiacha wazi kingo zitaanza kuchakaa kama katikati. Nilijua jibu sahihi na nilishindwa kulitamka. Nikamwomba kwanza aipige picha ikiwa wazi, kwa taa zake, kwa ukubwa wote. Akapiga. Akafunga kioo kipya, akairudisha fremu. Nilitazama shaba ikimfunika.

Ile picha mpya nimeichapisha, imekaa kwenye boksi la nje pamoja na kikasha. Haikai ndani ya kikasha, kwa sababu kitu chochote cha ziada kikiliegemea bamba kinaweza kulidhuru. Juu ya boksi nimeandika kwa penseli vile ilivyo: mtoto, na mwanamke aliyemshika, Virginia, 1853. Nikifa, atakayeirithi asije akaiuza kama picha ya mtu mmoja.

Usiku nilimpigia mama, nikamwekea ile iliyochapishwa, ambayo haihitaji buibui wala kuinamisha. Nikamweleza, huyu ndiye kamshika. Mama aliisogeza simu karibu na uso wake mpaka nikawa naona paji tu. Kwa nyuma nilisikia jogoo wa jirani, kulikuwa kunakucha Tanga.

"Na wa kwake," akasema, "siku ile nani alikuwa kamshika?"